Ulimi wa Lambert na Feza za Kosa

Mume wa mdogo wangu Julienne anaitwa Lambert, na habari zake ninaziandika kwa kinyaa. Nasema mapema ili msomaji asikae akingoja sifa. Kwetu shemeji ni mtu wa heshima: unamwachia kiti, unampakulia wa kwanza, humkemei mbele za watu. Kiti namwachia. Sahani nampakulia. Lakini Lambert anatia feza za watu mdomoni.

Nasema feza za zamani, zile nyekundu zenye tundu katikati, za wakati wa babu zetu, nyota upande mmoja na taji upande mwingine. Siku hizi hazinunui hata chumvi. Utazikuta shingoni mwa watoto, kiunoni mwa mabibi, kwenye nyavu za wavuvi kule maporomoko ya mto, zingine ndani ya kopo la mawese miaka na miaka. Lambert akiona moja anasema, "Lete nione," na kabla hujamaliza kumpa iko kwenye ulimi wake. Anaizungusha shavuni kama peremende, amefumba macho. Kisha anaitema kiganjani na uzi wa mate nyuma yake, anaigeuza juani, na mkono huohuo anakunyoshea umshike. Nimemwona akitia iliyotoka kiunoni mwa bibi mwenye vidonda. Nimemwona akitia iliyotoka tumboni mwa samaki. Yesu na Maria!

"Yaya Pétronille," ananiambia, maana ananiita yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wa mke wake, "macho iko mwongo. Ulimi hapana."

"Ulimi wako, ao wa nyoka?"

"Ya nyoka iko mbili, Yaya. Nipate na ile ya pili, nitafanya kazi mbio." Anacheka, na ufizi wake una kijani pembeni.

Alizaliwa Yanonge, mwana wa mvuvi. Alisoma kwa Mapadri mpaka akajua kuandika jina lake vizuri, halafu akapanda mtumbwi wa samaki wa moshi akaja Kisangani kutafuta kazi. Akaipata nyumbani kwa Bwana Léon, Mbelgiji wa kampuni moja ya pamba, mtu asiye na mke, mwenye kabati la droo nyembamba zilizotandikwa kitambaa chekundu. Ndani ya droo mlikuwa na feza kuukuu tu, zimepangwa kama mayai. Lambert akadhani bwana wake ni mchoyo anayeogopa benki. Siku moja bwana akiwa safarini, Lambert akataka kumfurahisha. Akazitoa zote akazisugua kwa majivu na ndimu, kama tunavyosugua sufuria, na kama mimi ninavyosugua vinara vya altare. Ziling'aa kama kalisi. Bwana Léon aliporudi hakupiga kelele. Alikaa sakafuni, kofia bado kichwani, akasema, "Lambert, umeziua."

Hapo masomo yakaanza. Bwana alimwonyesha kwamba feza ina ngozi, na ukiichubua ngozi imekufa. Maji na kitambaa laini, basi. Mate ni ufundi wa Lambert mwenyewe; hakuna Mzungu aliyemfundisha uchafu ule.

Sitaki kumnyima haki yake. Kazi anaijua. Siku moja barazani kwangu alizitandaza juu ya mkeka, na mimi nilikuwa nachambua mchele, kwa hiyo nikasikiliza. Alinionyesha mwaka ulioandikwa chini ya nyota, nane ya mwisho ina kitu kama mkia unaotoka begani. "Ni saba ile, Yaya. Bazungu walikuwa na chuma cha kupigia cha mwaka wa nyuma. Hawakutaka kukitupa. Wakachonga nane juu ya saba, lakini saba haikukubali kufa." Akanionyesha nyingine yenye mstari mwembamba unaokatiza taji. Nikasema imekwaruzwa. "Pitisha kidole. Iko imevimba ao iko imezama?" Nikapitisha, baada ya kuifuta kwa kanga. Imevimba. "Ile chuma ya kupigia ilipasuka, feza ikaingia mu ufa. Kovu ya kuvimba iko ya kuzaliwa. Ya kuzama iko ya dunia." Halafu akachukua mbili, akazishika taji juu, akazigeuza pamoja: nyota ya moja ikasimama, ya nyingine ikalala ubavu kama mlevi. Hata chuma mbili za kupigia zinapaswa kutazamana, alisema, na zile hazikutazamana.

Bwana Léon hakutaka feza nzuri. Alizitaka hizo tu, zilizoharibiwa na mashine kule Ulaya. Kwa Kifaransa aliziita *fautées*. Lambert akamwuliza maana yake. Bwana akatafuta Kiswahili chake chote, akasema: "Faute. Ni kosa."

Kwa neno hilo moja Lambert akatoka kwenda siti, mitaa yetu sisi watu weusi.

Fikiri wewe mwenyewe. Uko kwako unatwanga. Anakuja mtu wa nyumba ya Mzungu, suruali fupi imepigwa pasi, anashika feza ya mama yako, anaramba, anakunja uso, anasema:

"Mama, hii iko na kosa."

"Kosa gani, papa?"

"Kosa tu. Bazungu banaitafuta."

Polisi wanapita kuangalia vitabu vya watu, vile vya kitambulisho na kodi. Mtu anafungwa kwa kukosa kitabu, kwa kuvuka barabara saa mbaya, kwa kukosa tu. Na sisi Wakristo kila jioni tunajipiga kifua: nimekosa, nimekosa, nimekosa sana. Utabaki na kitu cha kosa nyumbani? Watu walimpa bila kuuliza tena. Wengine walimshukuru kwa kuwaondolea matata. Bibi mmoja alimpa na kuku, kuku mzima, ili asimtaje jina kwa Mzungu. Lambert akapokea kuku.

Nilimwambia, "Lambert, waambie watu ni kosa la mashine."

"Yaya, mimi sisemi uongo. Nasema iko na kosa. Kweli iko nayo."

"Waambie neno lote."

"Nikisema yote wataniuzia. Sasa bananipa, na banasema aksanti." Akajilamba midomo. Nikaondoka pale, nikaenda kunawa mikono, ingawa sikuwa nimeshika kitu.

Sasa nakuja kwa Kadidja.

Kadidja ni jirani yangu, ukuta wa mianzi tu kati yetu. Ni wa Wangwana, watu wake walikuja na wafanyabiashara zamani sana. Yeye anaswali, mimi ninasali. Noeli ninampelekea sahani, Idi ananiletea pilau. Alikuwa na feza moja ya tundu ambayo mama yake alimwachia. Kila mtoto aliyezaliwa katika nyumba ile alivalishwa shingoni, akaota meno akiitafuna, na siku alipotembea wakaivua wakaiweka kwa yule anayefuata. Waziri, mwanawe mchinja ng'ombe, aliivaa. Sasa ilikuwa shingoni mwa Safi, binti wa Waziri. Na Safi alikuwa amechelewa. Wenzake wa rika walikuwa wakikimbiza bata, yeye bado anajivuta kwa matako. Mama Safi, mkamwana wake Kadidja, alikuwa na uchungu wa jambo hili, ila hakuna aliyekuwa amempa mtu wa kumlaumu.

Lambert alimpa.

Mimi nilikuwa kanisani. Kadidja ndiye aliyenisimulia. Lambert alipita kunisalimu, akaona mtoto kwenye uwanja wao, akaona kile kilichoning'inia. Hakusema lete nione. Aliinama kama mbuzi anayekula majani, akaichukua mdomoni ingali kwenye uzi, uso wake kwenye shingo ya mtoto wa watu! Safi akalia. Lambert akatema, akaangalia. Tundu halikuwa katikati. Lilikuwa limekwenda pembeni, limemeza mwale mmoja wa nyota.

"Mama Kadidja," akasema, "hii iko na kosa kubwa. Kosa ya kuzaliwa."

Mama Safi alikuwa anaanika nguo. Akageuka. "Kosa ya kuzaliwa?" Na macho yake yakashuka kwenye miguu ya mtoto.

Lambert aliyaona macho yale yalipokwenda. Hapo ndipo ninaposhindwa kumvumilia. Alikuwa na neno moja tu la kusema, mashine, na asingepoteza kitu. Badala yake akauliza, polepole, kama mganga:

"Mutoto anatembea?"

"Bado," Kadidja akajibu.

"Ee." Akajipangusa midomo. "Mimi sisemi kitu. Lakini nipe niitupe mu maporomoko. Kule maji inakula kila kitu."

Kadidja mwenyewe aliukata ule uzi.

Tangu siku hiyo Mama Safi hakumpa tena Kadidja mtoto. Hakugombana, alimbeba tu Safi akaenda naye jikoni, sokoni, hata msalani. Kadidja akinyosha mikono, mkamwana anasema mtoto ana usingizi. Mwanamke yule alikuwa amelea watoto wa ukoo mzima mgongoni, na sasa anakaa kwenye kigoda na kanga ya kubebea imekunjwa magotini. Nilimwendea Mama Safi. Nilimweleza yote: mashine, Ulaya, tundu, Kifaransa cha Bwana Léon. Alinisikiliza kwa adabu.

"Mama Pétronille," akasema, "wewe iko shemeji yake. Utasema nini ingine? Yeye aseme mwenyewe."

Nilijua basi kwamba neno langu halitatosha. Lazima litoke kwenye kinywa kile kile.

Jumapili Lambert na Julienne walikuja kula. Alikuja juu ya baiskeli, baiskeli ya Bwana Léon mwenyewe, sasa zawadi yake, na taa mbele. Akaiegemeza ukutani pahali ambapo kila mtu ataiona. Mdomo umejaa chikwanga ya muhogo, akanieleza jinsi bwana alivyoruka kwa furaha. Tundu la pembeni na nane juu ya saba, makosa mawili kwenye feza moja! Bwana alisema tangu aanze kukusanya hajapata kuona.

"Feza gani hiyo?" nikauliza, na nilijua.

"Ile ya Mungwana wako pale." Akaonyesha ukuta kwa kidole cha mafuta.

"Ulisema utaitupa."

"Niliitupa, Yaya. Mu droo." Akacheka mpaka kipande cha chikwanga kikaruka mezani. Julienne hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Nikamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba leo atavuka pale ng'ambo ya ukuta aseme kosa lilikuwa la mashine. Akaacha kutafuna.

"Nikisema, watajua sikuitupa. Waziri iko na kisu ya kuchinja, Yaya. Unataka mudogo wako abaki mujane?"

"Nataka bibi apewe mjukuu wake."

"Bon. Nitafanya mpango."

Nikamshukuru Mungu. Sikujua mpango wa Lambert una harufu gani.

Wiki iliyofuata alikuja na Julienne nyuma ya baiskeli, tukaenda wote watatu kwa Kadidja. Waziri alikuwapo, ametoka kazini, na Mama Safi na mtoto. Lambert alitoa kitambaa cheupe mfukoni, akakifungua kwa mbwembwe kama padri anayefunua ostensorio ya Sakramenti.

"Mama Kadidja, Mungu iko muzuri. Nilipofika ku maporomoko, roho ikanikataza. Nikaitengeneza badala ya kuitupa. Kosa nimeitoa yote. Sasa iko safi, mutoto avae."

Ilikuwa feza nyekundu yenye kutu ya kijani, tundu limekwenda pembeni. Kadidja aliichukua kwa mikono miwili na machozi yakamjaa. Macho yake hayaoni vizuri. Mama Safi akasogea kutazama, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea kidogo. Safi mwenyewe, alipoona kile kitu chake, akanyosha mkono na kufungua mdomo.

Mimi nilitazama lile tundu. Lambert aliwahi kunifundisha mwenyewe: tundu la kiwandani hutobolewa kwanza, ndipo feza inapigwa, kwa hiyo mdomo wa tundu ni laini kama wa mtungi, na michoro inaishia ukingoni mwake bila kuchanika. Tundu hili lilikuwa na meno. Lilikata nyota kama panya alivyokata mkate. Nilifungua mdomo niseme, lakini Kadidja alinitangulia. Kidole gumba chake kilikuwa kinazunguka pale, kinarudi, kinazunguka. Kidole ambacho kimeijua feza moja maisha yote.

"Lambert, mwanangu," akasema kwa upole, "wewe unaonja zote. Onja na hii kwanza, halafu mutoto avae."

Lambert akatabasamu. "Nimeisha onja, mama."

"Mimi sikuona. Onja."

"Nimetoka kula."

Waziri akacheka. "Papa, ulionja na shingo ya mutoto yangu! Leo umekuwa mutu ya nidhamu?"

"Tia mu kinywa," Kadidja akasema, na akaisogeza mpaka karibu na midomo yake.

Lambert akarudisha kichwa nyuma. Mtu ambaye ameramba vidonda vya siti nzima, akakaza midomo kama mtoto anayekataa kinini, na pua yake ikakunjana. Wote tuliiona ile pua.

Hapo Julienne, mdogo wangu, mwanamke asiyesema, akapasuka:

"Hawezi! Ni feza ingine! Imelala juma zima mu kopo ya mukojo! Mukojo ya watoto yangu, chini ya kitanda yangu! Kila siku nasema nimwage, anasema acha, inatoa rangi! Tundu ameipanua pembeni na musumari, halafu mukojo, halafu udongo ya nyuma ya musalani! Na mutoto alitaka kuitafuna!"

Kadidja akaiacha ianguke. Mama Safi alikuwa amekwisha kuziba mdomo wa Safi kwa kiganja. Nimeuguza wagonjwa, nimeosha maiti wa parokia, sijapata kuona kinyaa kama kile. Si mkojo, mkojo wa watoto ni kitu gani. Ni kile kitambaa cheupe.

Waziri hakuchukua kisu. Alimshika Lambert kwenye kola, akamkalisha juu ya kigoda cha mama yake, akasema, "Sasa eleza. Kosa ya ile ya kweli ilikuwa nini?"

Lambert akaeleza. Alianza kwa woga, lakini mtu akizungumza kazi anayoipenda hujisahau, na baada ya muda mikono yake ilikuwa inaonyesha hewani: vile visahani vya shaba vinavyotobolewa Ulaya, mashine inavyopiga taji chini na nyota juu, jinsi kisahani kimoja kilivyoingia upande, tundu likaja mahali pasipo pake.

"Na mutoto?" Mama Safi akauliza.

"Mutoto? Mutoto hapana. Feza haiwezi kufanya kitu. Ni mashine tu ilikosa."

"Mashine ya nani?" Kadidja akauliza.

"Ya Bazungu."

"Basi kosa ilikuwa ya Bazungu, siyo ya mama yangu?"

"Ya Bazungu, mama."

"Na siyo yangu."

"Siyo yako."

Mama Safi hakuomba msamaha. Ni mwanamke mwenye kichwa kigumu na alikuwa ameteseka. Alisimama, akamshusha Safi kutoka kiunoni, akamweka juu ya mapaja ya mkwewe aliyekaa mkekani. "Mushike, mama," akasema, "niende kuangalia chungu." Na chungu hakikuwa hata motoni.

Waziri akamtuma Lambert kuirudisha feza ile siku hiyohiyo, na baiskeli ibaki hapa mpaka arudi nayo. Akaenda kwa miguu. Akarudi mikono mitupu, jasho limemtoka: Bwana Léon amekwisha kuituma kwa posta kwa rafiki yake huko Anvers, Ubelgiji, na amemfokea kwa kuuliza. Nadhani safari hii alisema kweli. Waziri hakumrudishia baiskeli.

Kadidja akaambiwa. Ilikuwa ya mama yake, hakuna nyingine. Mwishowe akasema, "Imerudi kwao na kosa yake," akacheka kidogo, akajipangusa uso kwa ile kanga ya kubebea, akamfungia Safi mgongoni.

Lambert bado anakuja Jumapili, maana ni shemeji. Siti imepata habari. Mabibi sokoni sasa wanamwambia aweke feza yake ndani ya bakuli la maji, hawaipokei mkononi. Juzi alininyoshea mkono nikaacha wangu kwenye mwiko.

"Yaya, mimi nilisema ukweli mbele ya batu wote. Unataka nini ingine?"

"Ulisema ulipokamatwa kola. Vuka ukuta, umwombe Kadidja msamaha."

"Alisha pata mutoto yake, Yaya. Tuache." Akavuta kiti, akasubiri chakula.

Nilimpakulia. Ninasali nimpende, na Mungu anajua ninasali kweli, lakini ile sahani yake ninaiosha peke yake, kwa maji ya moto. Ng'ambo ya ukuta nilimsikia Kadidja akitembea uwanjani huku na huku, anamwimbia mtoto aliye mgongoni, na mtoto anapiga kelele anataka kushuka.